Kukaa na mavolontia nyumbani Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba yetu iko Rau, na tangu 2012 chumba cha nyuma hakijawahi kukaa wazi muda mrefu. Wamelala humo wanafunzi wa udaktari waliokuja hospitali ya KCMC, walimu wa chekechea, fundi wa pampu za maji, na kijana mmoja ambaye mpaka anaondoka hatukuelewa hasa amekuja kufanya nini. Kila shirika linaloleta watu wa kujitolea linapotafuta familia mpya za kupokea wageni, akina mama wananipigia simu. Maswali ni yale yale. Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp za dakika saba, kwa hiyo nimeyaandika hapa.

Hao mavolontia ni akina nani? Wote ni Wazungu?

Hapana. Nimekaa na Mkenya, na Mjapani, na dada wa Kiganda aliyekula ndizi zetu akasema kwao zinapikwa vizuri zaidi (bibi hajamsamehe). Ila ni kweli wengi wanatoka Ulaya na Marekani.

Usiwachanganye. Kuna wa wiki mbili tatu, anayekuja likizo ya chuo. Kuna wa miezi sita au mwaka, huyo ndiye utakayeishi naye kweli. Halafu kuna mfanyakazi wa shirika mwenye mshahara na gari, anayepanga nyumba yake Shanty Town. Huyo hatafuti familia, anatafuta mlinzi na mtu wa kumpikia.

Jambo lenyewe si geni. Wamarekani wa Peace Corps, shirika la serikali yao la watu wa kujitolea, walianza kuja Tanganyika mwaka 1961, hata uhuru hatujapata. Baba mkwe wangu alifundishwa hesabu na mmoja wao, na mpaka leo akihesabu hela zake anahesabu kwa Kiingereza.

Nianze na nini kabla hajafika?

Uliza shirika kuhusu kibali. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, na kujitolea kunahesabiwa ni kazi. Wa kukaa muda mrefu anatakiwa awe na kibali cha ukaazi, na kwa wanaojitolea huwa ni daraja C. Shirika ndilo linalopaswa kushughulika na Uhamiaji, siyo wewe, lakini maofisa wakibisha hodi wanabisha kwako. Omba nakala, iweke kwenye faili.

Pili, nenda ofisi ya serikali ya mtaa umjulishe mwenyekiti au mtendaji, mgeni aandikwe. Usingoje jirani akakusemea.

Tatu, laini ya simu. Asajili kwa pasipoti yake na alama zake za vidole. Usimsajilie kwa kitambulisho chako cha NIDA kwa sababu ya haraka ya kumpigia mama yake kwamba amefika. Nilifanya hivyo mara moja. Laini ikabaki kwenye jina langu mwaka mzima baada ya yeye kuondoka, na sikujua iko mkononi mwa nani.

Chumba kiweje?

Kitanda, neti isiyo na matundu, meza, kiti, soketi inayofanya kazi, kufuli lenye funguo mbili. Basi. Hita ya bafuni ukiwa nayo vizuri, usipokuwa nayo ndoo ya maji ya moto na kopo vinatosha, ila mwonyeshe namna ya kuoga kwa kopo. Usicheke. Mgeni wetu mmoja aliingia na ndoo nzima akajimwagia yote kwa mkupuo mmoja, akatoka na povu masikioni kuomba nyingine.

Weka blanketi nzito. Wanakuja Juni na Julai wakiwa na kaptula tupu, wakidhani Afrika ni joto mwaka mzima, halafu mawingu yanakaa juu ya mji wiki nzima na mtu anatetemeka kwenye uji.

Wanakula nini?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na linawatesa akina mama bure.

Mwaka wa kwanza nilipika chipsi na mayai karibu kila siku kwa mwezi mzima. Niliamini Mzungu bila chipsi atakonda, arudishwe kwao, na shirika linilaumu. Binti wa watu alikula, akashukuru, akala tena. Siku moja nikarudi sokoni Mbuyuni mapema kuliko kawaida, nikamkuta jikoni amesimama na dada wa kazi, kila mmoja na kijiko chake, wanachota makande ya jana kutoka kwenye sufuria. Alishtuka kama mtoto aliyeiba sukari. Kumbe kila nilipokwenda dukani yeye alikuwa anakwenda jikoni.

Tangu siku hiyo napika tunachokula. Asubuhi ya kwanza nampa mtori, kwa sababu hakuna aliyewahi kuukataa na tumbo lililotoka safari linautaka. Ndizi nyama, wali maharage, ugali na mnafu, chapati Jumapili. Kisusio kiache kwanza. Supu yenye damu siyo ya wiki ya kwanza, na ukimpa umwambie ni nini kabla hajameza, siyo baada. Mbege, pombe yetu ya ndizi, aonje akitaka, kwenye sherehe, mbele ya wazee.

Maji mchemshie. Najua maji yetu yanatoka chemchemi za mlimani na tunajivunia, lakini tumbo lake halijui hilo.

Halafu sahani. Sisi tunapakua kwa upendo, kilima juu ya kilima, na akibakisha tunasema "mbona hujala kitu?" Yeye kwao amefundishwa kumaliza kilichopo kwenye sahani. Kwa hiyo anamaliza, unamwongeza, anamaliza, mpaka anaumwa. Mpe kijiko ajipakulie mwenyewe.

Akisema hali nyama?

Amini. Uchagani habari hii inapokelewa kama msiba, na ndugu watauliza "hata kuku?" Ndiyo, hata kuku. Hata supu yake. Usichemshe ndizi kwenye mchuzi wa nyama halafu ukamwondolea vipande. Maharage ya nazi, njegere, mayai, parachichi, mboga za majani: hapa Moshi hawezi kufa njaa.

Kwa nini anajifungia chumbani?

Akina mama wanahangaikia chakula, mimi nawaambia shughuli iko kwenye mlango.

Kwetu mlango unaofungwa saa moja jioni, watu wakiwa sebuleni, una maana mbili: mtu anaumwa au amekasirika. Mgeni wetu wa pili, mwalimu, alikuwa anarudi kazini, anasalimia vizuri, anaingia chumbani, tunasikia kitasa. Saa nzima. Siku ya kwanza tukanyamaza. Siku ya pili mume wangu akaniuliza nimemkosea nini. Siku ya tatu bibi akachukua kikombe cha uji, akaenda kugonga. Akafunguliwa. Akampa uji, akaketi kitandani, akamshika paji la uso. Hana homa. Akamuuliza kwa Kiswahili cha polepole, "Nani amekuudhi?" Yule binti hakuelewa neno "kuudhi", akaenda kuchukua kamusi, wakalitafuta wote wawili na miwani moja ya bibi. Alipolipata akalia. Siyo kwa kuudhiwa. Alikuwa amesimama siku nzima mbele ya watoto tisini wanaomwita, wanaomshika nywele, njiani watu hamsini wanamsalimia "Mzungu!", na ile saa moja ndiyo pekee aliyokuwa hatazamwi na mtu.

Tukapatana. Saa moja mpaka saa mbili mlango ni wake, hakuna anayegonga, hata mtoto. Saa mbili anatoka tunakula pamoja. Naye akajifunza kusema "naenda kupumzika kidogo" kabla ya kuingia. Hayo maneno matatu yalimaliza kazi. Kila mgeni sasa namfundisha siku ya kwanza, kabla hata ya "asante".

Nguo nani anafua?

Ukikubaliana na shirika kwamba dada atafua, dada alipwe nyongeza kwa hiyo kazi, siyo aambiwe "ni zetu tu". Nguo za ndani kila mtu anafua zake. Mgeni hajui, atazitumbukiza zote kwenye beseni, na dada ataona amedharauliwa bila kusema. Mwambie mapema, mwanamke kwa mwanamke, mwonyeshe kamba ya kuanikia upande wa nyuma, afunike na kanga. Akiwa kijana wa kiume mwachie baba mwenye nyumba aseme. Mume wangu alichukua wiki mbili kupata ujasiri.

Kiswahili watajifunza wapi?

Wengine hupelekwa kwanza kozi Usa River, upande wa Arusha, na hao wanafika wanajua ngeli kuliko wewe. Wengine wanafika na "hakuna matata" peke yake. Mafunzo ya kweli yanafanyika dukani kwa Mangi na kwenye haisi ya kwenda mjini.

Nyumbani fundisha salamu kwanza. Mtu asiyejua "shikamoo" hapa anaonekana hana adabu hata kama amechimba visima vitatu. Mwambie pia kwamba "pole na kazi" haimtuhumu kwamba kazi imemshinda. Mmoja alikuwa anajibu kila mara, "Hapana, kazi siyo ngumu," mpaka mlinzi akaacha kumpa pole.

Halafu saa. Mgeni mmoja aliambiwa kikao cha wazazi ni saa nne, akaona ana muda, akafika saa kumi jioni na daftari lake. Viti vimeshapangwa juu ya meza, chupa za soda zimerudishwa kwenye kreti. Njia rahisi: mpe saa ya ukutani, mwambie aangalie mshale mfupi ulipo, kisha asome namba iliyo upande wa pili kabisa. Saa ya simu haisaidii hapo.

Malipo yanakuwaje?

Yaandikwe, kwa shilingi. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo zile hesabu za dola kwa siku tuziache. Kwenye karatasi iandikwe: siku ngapi, milo mingapi, nani ananunua maji ya chupa, nani anaweka umeme. Hilo la umeme usilipite haraka. Hita, kompyuta na kikaushia nywele vinakula luku kuliko unavyodhani. Mimi naandika kwenye daftari kila tokeni niliyonunua.

Dai malipo ya mwezi mwanzoni. Shirika moja lilikaa miezi mitatu linaniambia "hela iko njiani", na mgeni mwenyewe alikuwa ameshalipa kila kitu kwao kabla hajapanda ndege. Alidhani mimi nanunulia wali wangu hela yake. Mimi nadhani yeye anakula bure. Tulikuwa tunatazamana mezani kwa uchungu, na wote wawili tumeibiwa. Kwa hiyo muulize mgeni wazi amelipa nini. Siyo aibu.

Ndugu na majirani wakitaka awasaidie?

Watataka. Wiki ya kwanza atakuja mtu getini na bahasha: barua ya ada, cheti cha hospitali, picha ya nyumba iliyoezuliwa. Shida nyingi ni za kweli, hapo ndipo ugumu ulipo.

Kwangu sheria ni moja: hakuna bahasha getini. Mwenye shida aje kwangu, nimwelekeze ofisi ya mtaa, kanisani, msikitini, au kwa shirika lenyewe kama lina utaratibu. Nimewaambia ndugu zangu kabla mgeni hajafika kwamba huyu ni mtoto wa watu, anahesabu nauli, chuo anadaiwa. Hawakuamini. Shemeji yangu alisema, "Mtu aliyelipa ndege ashindwe ada?"

Na wewe mwenyewe jichunge. Mwaka 2016 nilitamani kumwomba mgeni kompyuta ya mwanangu. Nilikuwa nayo mdomoni jioni nzima, nazunguka zunguka na habari za shule, mitihani, ugumu wa maisha. Akanisikiliza, akasema, "Mama, nikusaidie kumenya viazi?" Nikampa kisu. Mpaka leo sijui kama alijua.

Akipenda kusaidia mwenyewe, apitie taasisi, apewe risiti. Akimlipia mtoto mmoja mtaani kwa siri, wengine kumi watajua kabla ya magharibi.

Kuhusu kupiga watoto picha?

Wa kwangu sikatazi, lakini aniombe. Wa majirani awaombe wazazi wao. Na muulize kila mara: ungepiga hivyo mtoto wa jirani yako kwenu, bila kumjua jina, ukaiweka mtandaoni?

Wakija kwa ajili ya vituo vya watoto, hapo nina maneno. Mtu wa wiki mbili anayekuja kukumbatia watoto halafu anaondoka, na mwingine anakuja kukumbatia hao hao, hawajengi kitu. Uliza kama kituo kimesajiliwa na kinajulikana Ustawi wa Jamii. Ukijibiwa kwa kuzungushwa, mwambie mgeni wako ukweli hata kama shirika litanuna. Afadhali akasaidie kupaka rangi darasa, au amsaidie muuguzi kupanga mafaili.

Akiugua?

Homa yoyote, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Asijiamini kwa sababu anameza dawa ya kinga, wala wewe usimwambie "Moshi hakuna malaria". Mjini ni kidogo, lakini akienda kazini mabondeni kwenye mashamba ya mpunga kama Mabogini, mbu wapo. Weka kwenye friji karatasi yenye jina la bima yake, namba ya shirika na ya nyumbani kwao. Tumbo la siku mbili siyo ugonjwa, ni kukaribishwa.

Matembezi ya usiku, bodaboda, mavazi?

Mpe namba ya dereva mmoja wa bajaji unayemjua. Helmeti akiwa kwenye bodaboda, hata akidhihakiwa. Gizani asitembee peke yake na simu mkononi. Mavazi: magoti yafunikwe kanisani, ofisini na kwa wazee, mjini amezoeleka.

Mlima je? Wote wanauliza lini watauona.

Amka saa kumi na mbili asubuhi, panda kwenye ngazi ya simtanki, angalia kaskazini. Saa tatu umeshafunikwa. Kuupanda ni habari nyingine na gharama nyingine, na wewe usijifanye dalali.

Kazini kukiwa na msiba, mgeni afanye nini?

Aende. Naona mashirika hayawaambii hili, halafu wageni wanakasirika: mradi una wiki sita, mbili zimepita, leo mratibu hayupo kwa sababu mama mdogo wa mwenzao amefariki, na kesho hayupo tena. Mgeni anaandika kwao kwamba watu hawaonekani kazini.

Nilimchukua mmoja kwenda kumzika mzee Kibosho. Nilimfunga kitenge, nikamwambia afanye nitakachofanya. Tulifika asubuhi, wanawake wako nyuma ya nyumba wanamenya ndizi, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Akapewa kisu na mafuta ya kupaka mikononi. Hakuna aliyemtafsiria kitu. Mchana alishika daftari la michango pamoja na binti mmoja, anaandika majina na kiasi, elfu tano, elfu mbili, debe la mahindi. Marehemu akazikwa pale pale kihambani, kati ya migomba, karibu na kaburi la baba yake. Tulivyokuwa tunashuka kwenye haisi akaniuliza kama yale majina yatasomwa tena. Nikamwambia hatuna haja ya kusoma, kila mtu anakumbuka nani alikuja. Jumatatu alipofika ofisini, yule mratibu aliyekuwa anampa majibu ya mkato akamvutia kiti.

Na Desemba?

Mji unajaa. Wachaga wa Dar, Mwanza na kwingine wanarudi nyumbani, barabara ya kupanda Marangu inakuwa foleni ya magari yanayong'aa, na hakuna ofisi itakayompa mgeni kazi mpaka mwaka mpya upite. Amepangiwa "wiki ya semina" tarehe 22? Mcheke kidogo, kisha mpeleke mlimani kwa bibi. Ila mwambie mapema chumba chake atakilala na binamu wawili.

Wakiondoka inakuwaje?

Wanaacha taa ya kichwani, viatu vikubwa, dawa ya mbu nusu chupa, na kitabu ambacho hakuna atakayekisoma. Dada anachagua kwanza, huo ni utaratibu wa kwangu. Watapiga simu kila wiki kwa miezi miwili, kisha Krismasi, kisha picha ya harusi siku moja bila taarifa. Usiwahesabie.

Fua shuka siku hiyo hiyo, anika godoro, na chumba kikae wiki mbili kabla hujapokea mwingine, hata shirika likikubembeleza. Watoto wanazihitaji hizo wiki. Safari moja sikuziacha, na mwanangu wa mwisho akamwita mgeni mpya kwa jina la aliyeondoka siku nne mfululizo. Tulimkanya. Yule mgeni alikuwa anaitika tu.